Masomo ya mutaa banatuambia tukuwe biashara: ni akili ao ni kutuacha mu barabara?

#1 Mutoto_wa_Ndosho
Bandugu jambo. Niko na ulizo moja ya murefu kidogo, munivumilie.

Kwetu Ndosho, hapa Goma, bazazi bo benyewe njo balianza masomo (shule ya mutaa) mu 2013. Kiwanja alitoa mzee moja wa avenue, bamama balibeba mawe ya volkano ku kichwa, papa moja seremala akachonga mabanki. Leo tuko na batoto 240 na bamwalimu 9, klasi za mbao, bati juu. Tangu 2017 kulikuwa bazungu bamoja (sitataja jina, na musiniulize mu inbox) benye balikuwa banaongezea nusu ya mushahara ya bamwalimu. Mwaka jana bakatuita mu mukutano, eti sasa dunia imebadirika, maendeleo inapashwa kuongozwa na benyeji, kwa hiyo tukuwe "antreprize sosiali", biashara yenye inasaidia jamii, na kisha miaka mbili tujisimamie. Bakatupa formasyo (mafunzo) ya siku tano na mashini sita za kushona. Faida ya mashini njo italipa bamwalimu.

Leo ni mwezi wa kumi na tano tangu ile formasyo. Mashini mbili zinatembea, tatu zimelala, moja sijue iko wapi.

Ulizo: kuna mwenye anajua masomo hata moja, hapa kwetu, yenye inakula kwa biashara yake yenyewe? Mifano ya kweli, si maneno ya ku seminere.

#2 Chukudu_Turbo
Siku tano! Najua ile formasyo. Munapewa vikaratasi vya rangi, vya njano munaandika "nguvu zetu", vya pinki "udhaifu wetu", munabandika ku ukuta, munapiga foto, munakula kuku, munaenda. Ile karatasi ya pinki ya kwetu iko bado ku ukuta tangu mbele ya volkano, ata lava haikuitaka

#3 MwalimuNU
#1 mimi ni mwalimu, miaka kumi na moja, na jina langu hapa munaliona: NU, ile "nouvelle unité", maana yake niko ku liste lakini mushahara ya Leta (serikali) sijaiona. Basi musikilize. Konstitisyo ya 2006, artikle 43, inasema masomo ya musingi ni ya lazima na ni ya bure mu masomo ya Leta. Ya bure! Tukangoja mpaka mwezi wa tisa 2019 njo gratuite ikaanza kweli, batoto bakakuja kama maji, klasi yangu ilitoka batoto 48 ikafika 97, na mu 2020 Benki ya Dunia ikakubali dola milioni 800 kwa kusaidia ile kazi, na mimi mpaka leo ningali NU. Sasa mutu anakuja anakuambia mashini ya kushona njo italipa mwalimu? Ni nani alisema mwalimu analipwa na suruali? Masomo haipashwe kujilisha. Masomo inalishwa na Leta kwa kodi ya batu, kwisha. Hii mambo ya antreprize ni kumutoa Leta mu deni yake, na tunapiga makofi.

Tangu miaka ya 1990 bazazi banabeba bamwalimu ku mugongo kwa ile primu, feza yenye bo benyewe banachangia mwalimu. Miaka makumi tatu. Muliona wapi muzazi mwenye anachoka halafu anaambiwa apige mbio?

#4 MamaKituku
Mwalimu umesema kweli lakini mutoto anataka kusoma LEO, hatangoje Leta. Nitajibu ulizo ya #1 kama mama wa soko ya Kituku, hapa Goma.

Mashini sita, munashona nini, munauzia nani? Mulifanya hesabu? Birere, mutaa ya biashara hapa Goma, bashonaji banakaa mugongo kwa mugongo kama samaki mu chungu, na nguo za chaguwa (mitumba) zinashuka kila juma, blauzi moja ni bei ya mikate mbili. Hamuna mushitiri. Iyo si mambo ya akili ya benyeji ao ya bazungu, ni soko tu.

Kwetu sisi bamama 25 tuko na AVEC. Kila juma kila moja ananunua hisa, feza inaingia mu sanduku ya chuma, makufuli matatu, funguo tatu kwa bamama watatu benye habapendane sana (ni siri ya usalama hiyo 😂). Unakopa, unarudisha na faida kidogo, mwisho wa mwaka tunagawa. Sisi tunagawa mwezi wa nane juu mwezi wa tisa masomo inaanza. Batoto bangu bane banasoma na ile feza. Hakuna mutu wa inje mwenye aliweka hata franka moja. Mu 2021 volkano ilipotoka, ile usiku ya tarehe 22 mwezi wa tano, unajua mu nyumba nilibeba nini? Sanduku. Kisha bwana yangu akasema "na mutoto je?" Mutoto alikuwa anatembea yeye mwenyewe, sanduku haina miguu.

#5 Kadutu_243
😂😂 mama Kituku heshima yako. Lakini nikusahihishe kidogo, AVEC haikuzaliwa Kituku wala Kivu. Ilianza Niger, mu Maradi, 1991, na ONG (shirika) CARE. Na huku Kivu formasyo ya kwanza na makufuli yalitolewa na ma-ONG karibu popote. Kwa hiyo "hakuna mutu wa inje" tuipunguze. Mambo inaweza toka inje ikawa yetu kabisa, kama mihogo.

Na nitasema yenye batu habapende kusikia. Shida kubwa ni sisi benyewe. Huku Bukavu nilifanya miaka sita mu asosiasyo moja ya masomo. Prezida ni papa, mwenye kushika feza ni bibi yake, kordo (mwenye kuongoza kazi) ni shemeki, mulinzi ni binamu, hata imbwa ya mulinzi ilikuwa ya familia. Siku papa alipata ugonjwa, ASBL nzima (asosiasyo yenye haitafute faida) ikalala kitanda kimoja naye. Mufadhili akikimbia hapo, tunalia "banatubagua". Locale (ya benyeji) ni locale, lakini ni locale ya nani?

#6 Chukudu_Turbo
Imbwa ilikuwa na kontra?

#7 Kadutu_243
Ilikuwa muaminifu kuliko bote. Haikuomba perdiem.

#8 Lushois_Kamalondo
Bandugu ba Kivu, jambo yenu. Shiye ba Lubumbashi tuko na hadisi ya kuwaambia juu ya kukaa mu mukono ya mutu.

Tata yangu alitumika Gécamines, kampani ya Leta ya migodi. Balikuwa banasema kampani njo baba, njo mama. Bunga kampani, nyumba kampani, hopitali kampani, masomo kampani, ata mupira kampani. Miye nilisoma ku masomo ya kampani, mabanki ya mbao nzuri, kaye (daftari) bure. Halafu miaka ya 1990 kampani ikaanguka, mushahara ikakaa mwezi, miezi, mwaka. Mu 2003 bakaondosha batumishi zaidi ya 10,000 kwa ile "départ volontaire", feza ilitoka Benki ya Dunia. Volontaire, eti! Bengi balinunua motokari ao friji ya kuuza maji ya baridi, kisha mwaka moja hakuna friji hakuna feza. Na ile masomo, bazazi benye hawakujua hata bei ya chaki, juu kampani njo ilikuwa inaleta, balianza kuibeba bo benyewe.

Kwa hiyo #1, bale benye banasema mujisimamie, hawadanganye. Kosa ni saa. Huwezi kumubeba mutoto miaka munane ku mugongo halafu unamutupa mu mutoni eti ogelea.

Ulitaka mifano. Huku kuko Malaika, ku Kalebuka, inje kidogo ya Lubumbashi. Ilianzishwa 2007 na Noëlla Coursaris Musunka, mutoto wa huku mwenye alikomalia Bulaya, masomo ya mabinti ilifunguliwa 2011, bure kabisa. Kuko visima, kuko senta ya jamii yenye ilijengwa pamoja na FIFA, batu bazima banajifunza kusoma na kushona. Kazi nzuri, miye nimeiona kwa macho. Lakini semeni kweli: inakula kwa michango ya inje. Mwanzilishi ni wetu, feza haitoke Kalebuka.

#9 KigomaYetu
Habari zenu majirani. Mimi niko Kigoma, nasoma huu uzi nacheka na kujifunza, ingawa hicho Kiswahili chenu naomba mkalimani. "Njo" ni nini jamani, mnamwita nani?

Mfano wangu ni Altech. Washikala Malango na Iongwa Mashangao, wote watoto wa Baraka, Kivu Kusini, walikimbia vita wakiwa wadogo wakakulia kambi ya Nyarugusu, huku kwetu Kasulu. Wakasoma gizani kwa koroboi, wakarudi Kongo, 2013 wakaanzisha kampuni ya kuuza taa za jua, na wauzaji wao ni vijana wa mitaani. Hiyo ndo ujasiriamali jamii, hawakusubiri semina.

#10 MwalimuNU
"Njo" ni ile "ndo" yako yenye ilivuka ziwa ikalowana.

Altech ni kampani nzuri, hongera kwao. Lakini ni taa. Mutu ananunua taa, anaona mwangaza ile usiku. Mutoto unamufundisha kusoma, faida inakuja kisha miaka kumi na tano, na inaingia mu mufuko wake yeye, si ya masomo. Mutaniuzia nini mimi mwalimu? Alfabeti kwa kilo?

#11 Yaya_Furaha
Nimesoma yote. Mimi nilifanya kazi kwenye upande ule mwingine wa meza, Bukavu, ofisi ya shirika la nje, mpaka 2025 kazi ilipokatika. Naomba niwaeleze vile inakuwa kule ndani, kisha munitukane.

Neno "kuongozwa na wenyeji" halikuanzia kwenye ile semina yenu. Mwaka 2016, mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya pesa ya misaada ya dharura iende kwa wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. 2020 ikafika, hawakukaribia. Kisha Novemba 2021 mkuu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, Samantha Power, naye akasema 25 kwa mia moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji ndani ya miaka minne. Walifika karibu 10. Na 2025 mnajua, USAID yenyewe ikavunjwa, tarehe 1 mwezi wa saba ikaacha kabisa kutoa misaada. Nilikuwa na boksi la vitu vyangu mkononi nikiwaza ile 25 yetu imeenda wapi.

Kwa nini haikufika? Si kwamba wote ni wabaya. Kumpa shirika kubwa dola milioni tano ni kontrakti moja, odite (ukaguzi wa hesabu) moja, mtu mmoja wa kufuatilia. Kugawa hiyo milioni tano kwa masomo mia moja kama ya #1 ni kontrakti mia moja na odite mia moja, na yule mtu wa kufuatilia bado ni mmoja, tena mwenye mtoto mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo pesa inapita kwa wakubwa, wakubwa wanawapa "wabia", na mbia wa mwisho anapata mashini sita. Nimewahi kukataa dosiye ya wamama fulani wa Walungu, huku Kivu Kusini, kwa sababu walileta risiti za mkono za karatasi ya daftari. Walikuwa wamenunua mbegu kwa mama asiyejua kuandika. Angewapa fakture gani? Nilijua ni waaminifu na nilikataa.

#12 MamaKituku
Yaya hatukutukane. Lakini ile ya Walungu imeniuma.

#13 Kawa_ya_Minova
Naona munaenda haraka sana ku masomo. Sisi huku Minova mambo ilianza ku kawa (kahawa). Zamani kawa yetu ilivuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, juu huku hakuna mwenye alinunua kwa bei, na batu balizama, bengi, kuna familia mingi za bajane huku kwa sababu ya ile safari. Mu 2003 Joachim Munganga na bakulima bengine balianzisha koperative SOPACDI. Bajane nabo beko mu ndani. Baadaye kawa ikaoshwa vizuri, ikapata bashitiri ba Uingereza, na cheti ya biashara ya haki.

SOPACDI si masomo. Lakini mutoto wa mukulima wa kawa analipiwa minervali (karo) na kawa. Njo maana nasema #1 balikupa ngazi upande ya juu chini: baliweka biashara ndani ya masomo. Biashara ikae kwa bazazi, bazazi balipe masomo. Mwalimu asikuwe mushonaji.

#14 Kadutu_243
Sawa na #13 lakini kawa ilikuwa na mushitiri Bulaya. Suruali ya Ndosho iko na mushitiri gani? Tunarudi kwa mama Kituku, soko.

Na kuna kitu bote munaruka: karata, makaratasi ya sheria. #1 nyinyi ni nani ku sheria? Kama ni ASBL, sheria ya 2001 haikupe ruhusa ya kugawana faida. Kama ni koperative, muko chini ya OHADA, sheria za biashara zenye inchi mingi za Afrika zinatumia pamoja, Congo iliingia mu OHADA 2012. Kama ni kampani, muna kodi zenye zitakula mashini na fundi wake. Hamuna sanduku moja yenye inaitwa "antreprize sosiali" ku biro ya kuandikisha, mimi nilienda kuuliza, baba wa biro aliniangalia kama naomba visa. Kwetu tulichukua ASBL, tukafungua kinu cha kusaga muhindi pembeni, na batu ba taxe (kodi) bakaja watatu, kila moja na muhuri yake.

#15 Mutoto_wa_Ndosho
Aksanti kwenu bote. Nisahihishe: #8 umeandika miaka munane, banatusaidia tangu 2017 mpaka 2024, ni saba. Na karata yetu ni ASBL, yenye karata yake ya Kinshasa ingali inangojewa tangu 2019.

#4 ulizo ya mushitiri. Mama, tulifanya hesabu, si bure. Tulisema tushone nguo ya masomo, ile bulu na nyeupe, juu batoto 240 kila mwezi wa tisa banahitaji. Mwaka wa kwanza tulishona 130. Kisha muzazi moja akaona ku Birere moja ni rahisi kuliko yetu, akaambia mwenzake. Hatuna haki ya kulazimisha, ni bazazi benye balibeba mawe! Na tangu mwezi wa kwanza wa 2025 banki zilifungwa hapa Goma, feza ya kitambaa inapita mu telefone, ukiitoa unakatwa, mwenye kuuza kitambaa naye anataka kash. Kwa hiyo hata mutu mwenye akili za biashara angelala.

#16 Lushois_Kamalondo
Sawa, saba. Umeona vile batu ba Goma beko na hesabu.

MwalimuNU, miye niko na wewe nusu. Leta njo alipe. Lakini huku kwetu kuko njia ingine hamuisemi: kodi mine (sheria ya migodi) ya 2018 inalazimisha kampani za migodi zitoe kidogo kidogo 0.3 kwa mia ya feza yenye banauza, iende kwa maendeleo ya jamii zenye beko pembeni ya mugodi. Iyo si zawadi, ni haki, na komite ya benyeji iko mu ndani. Shida mupya: banajenga. Klasi, klasi, klasi, rangi nzuri, ribani, minisitere. Mwalimu wa kuingia mu klasi, hakuna. Ukuta unapigwa foto, mushahara haipigwe foto.

#17 MwalimuNU
Andika hiyo ya mwisho ku T-shirt nitainunua. Kwa deni.

#18 KigomaYetu
Kwani hapo Bukavu City of Joy si wanajilisha? Nilisikia wana shamba.

#19 Yaya_Furaha
Wana shamba, ndiyo, V-World Farm, na ni kazi ya heshima. Lakini City of Joy si shule ya mtaa, ni mahali pa wanawake waliopitia ukatili, wanakaa miezi sita, ilifunguliwa 2011 pamoja na watu wa hospitali ya Panzi na V-Day, harakati ya Marekani ya kupinga ukatili kwa wanawake. Anayeiongoza, Christine Schuler Deschryver, ni wa Bukavu hapahapa. Shamba linasaidia chakula. Sijawahi kuona likiitwa ndilo linalolipa kila kitu. Ukitafuta sehemu moja ambayo uongozi ni wetu NA pesa ni yetu NA inafundisha maskini bure, utatembea mpaka viatu viishe.

Kuna kitu nilijifunza kwa kuchelewa. Walioweza ni wale waliopewa pesa isiyo na jina. Yaani mtu anasema: hii ya miaka mitano, muamue ninyi, mkosee ninyi. Wangempa #1 bei ya zile mashini sita mkononi, wazazi wangenunua mashini?

#20 Mutoto_wa_Ndosho
Hapana. Tungenunua tanki ya maji. Batoto banachota ziwani, kilomita. Maji inauzika Ndosho kuliko suruali, ata mutoto wa klasi ya pili angekuambia.

#21 Kadutu_243
Haya, na tanki ingekuwa ya nani kisha mwaka? Ya shemeki? 😏

#22 MamaKituku
Kadutu wewe shemeki alikufanyia nini hasa? Sema tukuombee.

Funguo tatu, baba. Funguo tatu kwa batu benye habapendane. Dawa iko pale tangu #4, hamusomi.

#23 Chukudu_Turbo
Tuache masomo kidogo, kuna mutu anajua fromage (jibini) ya Masisi inapatikana wapi siku hizi? Iyo nayo padri njo alileta na sasa ni yetu kabisa, rudini #5

#24 Kawa_ya_Minova
Inafika, lakini bei imepanda na kipande kimeshuka. Tusiingie mu sababu, admin atafunga uzi.

#25 MwalimuNU
Niseme ya mwisho niende kusahihisha kaye 97. #19 pesa isiyo na jina ni tamu, lakini siku yule mwenye kuitoa akikufa ao akichagua prezida mupya, tunarudi ku #1. Leta hafe. Ni mugonjwa, ni mwizi, lakini hafe. Mimi ningali ku Leta.

#26 Lushois_Kamalondo
Ata Gécamines tulisema haife.

#27 Mutoto_wa_Ndosho
Siku ya Mungu kisha misa tulifanya mukutano ya bazazi, nilibasomea huu uzi wote, ata ya imbwa. Bamama balichukua #4 na #22, banataka sanduku. Bapapa banataka tuuze mashini tuweke tanki. Mwalimu moja akasema tukiuza mashini za mufadhili mbele ya odite ya mwezi wa tatu tutaitwa bezi. Direktere amesema tuandike barua tuombe ruhusa ya kuuza kitu chenye balisema ni chetu. Barua iko kwa mezani yangu, sijue nitaianzaje.

Na ile mashini ya sita imeonekana. Ilikuwa kwa mulinzi.

#28 Kadutu_243
SHEMEKI!!!

#29 Mutoto_wa_Ndosho
Hapana, alikuwa anaitengeneza. Sasa inatembea. Ziko tatu.

#30 MamaKituku
Ni za kukanyaga na muguu ao za umeme? Nyinyi Ndosho si muko na ile umeme ya jua ya Nuru, 1.3 megawati, tangu 2020? Kama ni ya muguu mutoto wangu wa pili anatafuta moja, uniambie bei, lakini mbele mumalize ile barua